Bosi Asiye Adui: Kazi ya Kiongozi wa Jimu Kwenye Pokémon

Kwenye Pokémon, mchezo wa video wa kufuga viumbe na kuwapiganisha, kuna majengo ya mapambano yanayoitwa jimu. Mara ya kwanza kuingia jimu ya Brock nilikuwa na Charmander, kiumbe wa moto, wa levo 9 na kichwa kimejaa upepo. Nilikuwa nachezea kwenye kompyuta ya binamu yangu, kwa programu inayoigiza Game Boy, miaka mingi baada ya mchezo wenyewe kutoka. Hadi kufika hapo Charmander wangu alikuwa ameunguza kila kilichosimama mbele yake, awe ndege, panya au kiwavi, nikajua na huyu Brock leo ni majivu. Akamtoa Geodude, jiwe lenye mikono. Nikampulizia moto. Mstari wake wa uhai ukashuka kidogo sana, kama mtu aliyemwagiwa maji ya uvuguvugu. Kabla sijamaliza kushangaa, Charmander alikuwa chini. Nikarudi, nikapigwa. Nikarudi tena, nikapigwa tena.

Binamu yangu alikuwa kajilaza kitandani ananitazama. Akaniambia, "We, hujui kusoma? Kibao cha nje kimeandikwa nini?"

Nikamtoa mchezaji nje ya jengo, nikabonyeza kwenye kibao. Kilikuwa kinasema, kwa maneno mengine, kwamba kiongozi wa jimu hii ni Brock na mambo yake ni mwamba. Yaani mtihani ulikuwa umebandikwa mlangoni siku zote, mimi nikaupita.

Kibao kile ndicho ufunguo wa mada yetu. Watu wengi waliocheza Pokémon, hata waliomaliza michezo kumi, wanawaweka viongozi wa jimu kwenye kapu moja na mabosi wa michezo mingine: yule mkubwa anayekaa mwisho wa steji, unampiga, unavuka. Kwa juu juu wanafanana. Lakini bosi wa kawaida ni adui wa stelingi. Amekaa njiani kwa sababu hataki upite, na kama angeweza angekuua ukiwa bado steji ya kwanza. Kiongozi wa jimu anakaa katikati ya mji, jengo lake linajulikana, mlango uko wazi, na nje ameandika aina ya viumbe wake, yaani udhaifu wake. Ukishindwa, hakufuati. Ukishinda, anakupongeza, anakupa beji, fedha, na juu yake anakufundisha pigo analolitegemea mwenyewe: Lt. Surge wa umeme anakukabidhi Thunderbolt, Blaine wa moto anakupa Fire Blast. Adui gani huyo anayekupa bunduki yake baada ya vita?

Kwetu pwani mtu wa namna hii anaeleweka haraka. Kungwi humkazia mwari macho, humsema, humbana kwa maswali na mafumbo, halafu siku ya kutoka yeye ndiye wa kwanza kupiga vigelegele. Ukali wake una kikomo, na kikomo chenyewe kinajulikana tangu mwanzo.

Turudi kwenye asili. Pokémon Red na Green zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kazi ya kampuni ya Game Freak chini ya Satoshi Tajiri, zikichezwa kwenye Game Boy ya Nintendo. Ndani yake kuna kanda inaitwa Kanto yenye jimu rasmi 8, na kila jimu ina kiongozi mmoja aliyeshikilia aina moja ya viumbe: mwamba, maji, umeme, majani, sumu, nguvu za akili, moto, ardhi. Ukikusanya beji zote 8, ndipo unaruhusiwa kwenda kupambana na Wanne Mashuhuri, wapiganaji wanne wa mwisho, na baada yao bingwa. Jimu hizi zimeiga chuo cha mapigano cha Kijapani, dojo, ambako mgeni angeweza kuingia na kumtaka mwenye chuo wapigane mbele ya wanafunzi wake. Mchezo wenyewe unakumbusha hilo: katika mji wa Saffron kuna dojo kongwe jirani na jimu ya Sabrina, kiongozi wa nguvu za akili, nayo zamani ndiyo iliyokuwa jimu ya mji, mpaka watu wa Sabrina walipoinyang'anya hadhi hiyo.

Swali ambalo kila mtoto mwerevu huuliza ni hili: kama hawa ni mabingwa wa miji yao, kwa nini wanatumia aina moja tu? Huo si ujinga? Ukija kwa Misty, kiongozi wa maji, na kiumbe wa umeme au wa majani umemmaliza. Mtu anayetaka kushinda huchanganya kikosi.

Jibu ni kwamba hakuwekwa pale ashinde. Amewekwa afundishe, na somo lake ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwaka 1996 aina zilikuwa 15, mwaka 1999 zikawa 17, na tangu 2013 ziko 18. Kila aina inaweza kushambulia au kushambuliwa na kila nyingine, kwa hiyo leo kuna jozi 324 za kujua: ipi inaumiza mara mbili, ipi nusu, ipi haigusi kabisa. Mpe mtoto jedwali lenye visanduku 324 alikariri, kesho hutamwona. Mweke mbele ya Brock na Charmander, atakariri mstari mmoja wa jedwali hilo maisha yake yote. Onix wa Brock ni mwamba na ardhi kwa pamoja, hivyo pigo la maji au la majani linamwingia mara nne. Mwenzangu aliyemchagua Squirtle wa maji au Bulbasaur wa majani alimaliza kazi kwa mapigo mawili na hakuelewa mimi nalia nini.

Na hapo kuna ujanja. Unapochagua kiumbe wa kwanza kwenye maabara ya Profesa Oak, hujui kwamba umechagua pia ugumu wa mchezo. Jimu mbili za mwanzo, mwamba kisha maji, zote zinamwonea mwenye moto. Hakuna aliyekwambia. Utagundua mwenyewe ukiwa umeshapigwa.

Watengenezaji walijua vizuri wanachofanya, na ushahidi uko kwenye toleo la Yellow la mwaka 1998. Humo mchezaji analazimishwa kuanza na Pikachu, kiumbe wa umeme, na umeme haugusi hata chembe aina ya ardhi, waliyo nayo Geodude na Onix wa Brock. Kwa hiyo jimu ya kwanza ingekuwa ukuta. Walichofanya ni kupanga mazingira upya. Nidoran, ambaye kwenye Red alikuwa anajifunza pigo la Double Kick levo 43, sasa analipata levo 12, na hilo ni pigo la aina ya mapigano, inayouvunja mwamba. Mankey, kiumbe wa aina hiyohiyo ya mapigano, wakamweka kwenye njia ya karibu tu, magharibi ya mji wa Viridian. Onix mwenyewe wakamshusha kutoka levo 14 hadi 12. Mtihani umebaki uleule, umelegezwa kidogo tu. Vitabu ndivyo vilivyosogezwa karibu na mwanafunzi.

Miaka baadaye, kwenye Black na White za 2010, wakafanya jambo hilohilo waziwazi zaidi. Jimu ya kwanza ya mji wa Striaton ina ndugu watatu: mmoja wa majani, mmoja wa moto, mmoja wa maji. Utakayepigana naye ni yule anayemwonea kiumbe wako wa kwanza, uchague yupi usichague yupi. Hakuna pa kutorokea. Lakini kabla hujaingia, msichana mmoja kwenye magofu ya pembeni anakupa bure nyani mdogo wa aina inayomshinda ndugu huyo. Mimi binafsi naona wamezidisha kulea. Brock alikuachia ulie kwanza.

Kazi ya pili ya kiongozi wa jimu ni ya kimya: yeye ndiye mwenye funguo za dunia. Beji haikai tu kwenye kisanduku ing'ae. Bila beji ya Koga, kiongozi wa sumu, huwezi kumtumia kiumbe wako kuvuka bahari, na bila kuvuka bahari hufiki kisiwa cha Cinnabar kwa Blaine. Kule Pewter, mji wa Brock, kijana mmoja anakusimamisha ukijaribu kutoka mjini kabla ya kumshinda Brock, anakushika mkono hadi mlango wa jimu. Mwishoni kabisa, kwenye njia inayopanda kwa Wanne Mashuhuri, walinzi wanakagua beji moja baada ya nyingine kama makondakta wanaodai tiketi.

Beji inadhibiti pia kitu ambacho wachezaji wengi hawakukiona. Ukibadilishana viumbe na rafiki kwa kebo, unaweza kupewa joka la levo 60 ukiwa hujamaliza hata mji wa pili. Dawa yake: kiumbe wa kupewa hatii amri ya mtu asiye na beji za kutosha. Beji ya Misty inakupa utii wa viumbe wa kupewa hadi levo 30, ya Erika wa majani hadi 50, ya Sabrina hadi 70, na ya nane inamaliza ubishi. Vinginevyo unamwamuru ashambulie, yeye analala. Kwa hiyo heshima hainunuliwi kwa nguvu za kuazima, na anayekuthibitisha mbele ya viumbe wako mwenyewe ni yule kiongozi.

Majengo yao sitayakalia sana. Kwa Surge kuna mapipa 15 ya taka. Unapekua hadi upate swichi ya kwanza, kisha ya pili iko kwenye pipa la jirani, na ukikosea zote zinajipanga upya. Sabrina ana vigae vinavyokurusha chumba hadi chumba. Koga kajenga kuta zisizoonekana. Ni vionjo tu vya tabia ya mwenye nyumba, ingawa mapipa yale yamenitoa jasho kuliko Surge mwenyewe.

Sasa tuingie kwa Whitney, maana hapa ndipo mada inanoga.

Michezo iliyofuata, Gold na Silver, ilitoka 1999. Viongozi wawili wa kwanza, Falkner wa ndege na Bugsy wa wadudu, wanafuata kawaida ya zamani: jua aina yao, njoo na inayowashinda, kwaheri. Mchezaji anafika mji wa Goldenrod akijiona ameshaiva. Kiongozi wa hapo ndiye Whitney, binti mwenye nywele za waridi, anatumia aina ya kawaida, ile isiyo na moto wala maji wala chochote. Clefairy wake levo 18 anaanguka bila shida. Halafu anamtoa ng'ombe.

Miltank huyo ana levo 20 na mapigo manne tu. Stomp inakukanyaga na wakati mwingine inakufanya ushtuke, zamu yako inapotea. Attract inamfanya kiumbe wako wa kiume apumbazwe na mapenzi, nusu ya nyakati hashambulii. Milk Drink inamrudishia nusu ya uhai wake wote. Na Rollout, hiyo ndiyo iliyovunja watoto mioyo: anajiviringisha kwa nguvu ya 30, zamu inayofuata 60, kisha 120, 240, hadi 480 zamu ya tano. Pigo ambalo dakika moja iliyopita uliliona la kitoto linapita juu ya kikosi chako chote kama lori lililokata breki mteremkoni. Na ana kasi kuliko karibu kila ulichonacho wakati ule. Unampunguza hadi nusu, anakunywa maziwa, mnaanza upya.

Aina ya kawaida ina udhaifu mmoja tu, nao ni aina ya mapigano, na vichakani kote huko karibu hao ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo somo la "tafuta aina inayomshinda" ghafla halitoshi. Kilichobaki ni kumsoma. Attract inafanya kazi kwa jinsia tofauti tu, na kila Miltank ni jike. Mpeleke jike wako, mapenzi yote yanayeyuka. Rollout ni pigo la mwamba na linaanza upya likikosa hata mara moja, kwa hiyo Geodude, ambaye mwili wake wa ardhi unalipokea kwa nusu, anaweza kukaa mbele yake na kuvunja mdundo. Na ukizungukazunguka mjini badala ya kukimbilia jimu, ndani ya duka kubwa la Goldenrod kuna mtu anayetaka Drowzee, na yeye atakupa Machop wa mapigano. Drowzee wanapatikana njia ya kusini ya mji huohuo. Dawa ilikuwa sokoni, mgonjwa ndiye hakuuliza.

Ukishamshinda, Whitney analia. Analia kwelikweli, na beji hatoi. Lazima umwache, uanze kuondoka, umrudie akishatulia. Kuna waliomwona mtoto asiye na adabu. Mimi naona watengenezaji walikuwa wanatuonyesha kiongozi aliyesahau kazi yake kwa dakika moja: alipigana ili ashinde.

Tangu hapo ukawa mchezo ndani ya mchezo kumpa kila kiongozi sababu yake ya kukupima. Clair wa mji wa Blackthorn, mtaalamu wa majoka, naye anakataa kutoa beji ya nane baada ya kushindwa, lakini yeye si kwa machozi. Ni kiburi, anakutuma kwanza kwenye Pango la Majoka. Katika toleo la Crystal mzee wa humo hakupiganishi hata kidogo, anakuuliza maswali kuhusu unavyowachukulia viumbe wako. Norman, kwenye Ruby na Sapphire za 2002, ni baba yako mzazi. Ukimwendea mapema anakwambia ukalete beji nne kwanza. Kiumbe wake mkuu ni Slaking, sokwe mvivu mwenye jumla ya takwimu (uhai, nguvu, kasi na nyinginezo) 670, sawasawa na Groudon na Kyogre, wale wakubwa wa kale waliochorwa kwenye jalada. Kinachokuokoa ni uvivu wake: akishambulia zamu moja, inayofuata anajikuna. Ukijua kuhesabu zamu, unajikinga anaposhambulia na unampiga anapojikuna. Baba amekuletea nguvu asizoweza kuzishinda mtoto yeyote, kisha akaacha mlango mmoja wazi, akisubiri kuona kama utauona.

Giovanni anaharibu hesabu yote hii kwa makusudi. Jimu ya mwisho ya Kanto imefungwa karibu mchezo mzima, na inapofunguliwa unakuta kiongozi wake ni yuleyule mkuu wa genge la Team Rocket uliyempiga mara mbili. Ni mhalifu, lakini ndani ya jimu anafuata kanuni: anapigana, anashindwa, anatoa beji. Kiti kina masharti yake, hata akikikalia mwizi.

Mwaka 2016 Game Freak wakajaribu kuviondoa viti vyenyewe. Sun na Moon, zilizochorwa kwa sura ya visiwa vya Hawaii, hazina jimu. Kuna majaribio ya kisiwa yanayoongozwa na vijana, na kilele chake ni kiumbe mkubwa wa porini. Baada ya hapo unapigana na mkuu wa kisiwa, kahuna, neno la Kihawaii la mtu mwenye ujuzi. Wazo lilikuwa zuri na lilileta hewa mpya. Lakini angalia: walichokiondoa ni jengo na beji. Mtu mzima anayekupima kisha akakufurahia alibaki, kwa jina lingine.

Sword na Shield za 2019 zikazirudisha jimu kwa kishindo, kwa mtindo wa soka la Uingereza, na viwanja vilivyojaa mashabiki, jezi zenye namba na barua ya udhamini bila ambayo husajiliwi. Humo ndimo alimo kipenzi changu, Bibi Opal, kiongozi mkongwe wa jimu. Katikati ya pambano anakuuliza maswali. Ukijibu vizuri takwimu za kiumbe wako zinapanda, ukikosea zinashuka. Anakuuliza ana umri gani. Ukweli ni 88. Jibu sahihi ni 16. Na Opal hatafuti mshindi, anatafuta mrithi. Anayemchagua ni Bede, kijana aliyefukuzwa mashindanoni kwa makosa yake mwenyewe. Sijaona mahali pengine mfululizo huu uliposema waziwazi kiasi hicho kwamba jimu ni shule.

Ukitaka kuona tofauti, tazama Palworld, mchezo wa kampuni nyingine uliotoka Januari 2024. Una viumbe, una minara, na juu ya kila mnara kuna mtu na kiumbe wake wanakusubiri. Saa inahesabu dakika 10. Hao ni adui hasa. Ukiwashinda hakuna anayekusifu, na wala hujajifunza zaidi ya kwamba ulihitaji silaha kubwa.

Scarlet na Violet za 2022 ndizo zilizoleta utata mkubwa wa karibuni. Unaambiwa dunia iko wazi, nenda jimu yoyote unayotaka kwanza. Lakini levo za viongozi hazibadiliki. Katy wa wadudu ana viumbe wa levo 14 na 15, Grusha wa barafu juu mlimani ana hadi 48. Mpangilio upo palepale, umefichwa tu, na watu waliopanda mlima mapema wakateremka wamenuna. Hilo nawalaumu. Kama kiongozi ni mwalimu, basi ampime mwanafunzi aliyekuja.

Lakini jambo moja walilipatia sana. Katika michezo hii kiumbe anaweza kugeuzwa aina katikati ya pambano, na kila kiongozi anamgeuza wa mwisho wake. Brassius, msanii wa mimea, ana Sudowoodo: kiumbe wa mwamba anayejifanya mti tangu 1999. Sasa kwa mara ya kwanza anakuwa mmea kweli, na maji uliyoyaandaa kwa ajili ya mwamba hayafai. Iono wa umeme anamtoa Mismagius, mzimu anayeelea, anamgeuza umeme. Umeme una udhaifu mmoja, ardhi. Na ardhi haimgusi anayeelea. Kibao cha mlangoni bado kinasema umeme. Mwanafunzi aliyekisoma kibao na kuishia hapo anabaki amesimama na ndoo yake ya udongo, hana pa kuitupa.

Ukishakuwa bingwa, mkuu wa ligi anakutuma uzizungukie jimu zote 8 ukazikague upya, kama mkaguzi wa shule. Unaanza, tuseme, kwa Katy, muuza keki wa mji mdogo wa Cortondo, yule wa levo 15 uliyempita bila kutoka jasho. Safari hii kikosi chake kimezidi levo 60, sawa na cha Grusha wa mlimani, na yule dubu wake mdogo Teddiursa sasa ni Ursaring.